Kidani kipana cha Misri ya kale: jinsi ya kukifuma kikalala bapa kifuani

Wamisri wa kale walikiita weseki, maana yake "pana". Ukikitazama kwenye barakoa ya dhahabu ya farao Tutankhamun, au kwenye majeneza yaliyopakwa rangi, utadhani ni mikufu mitano au sita iliyovaliwa mmoja chini ya mwingine. Sivyo. Mikufu ikivaliwa hivyo hupandana, na kabla sherehe haijaisha inakuwa kamba moja nene katikati ya kifua. Weseki ni kitambaa kimoja cha shanga kilichofumwa kwa umbo la upinde: mirija, yaani shanga ndefu za umbo la bomba, imesimama wima kwa safu, kila safu imeshikana na ya juu yake kwa mstari wa shanga ndogo za mviringo, na kila mstari ni mrefu kuliko uliotangulia kwa kiasi maalumu. Hesabu ya urefu huo ndiyo kazi yenyewe. Rangi unaweza kuzibadilisha utakavyo, lakini ukikosea hesabu kidani hakilali.

Mitindo ya kisasa imekichukua kidani hiki mara nyingi, na mara nyingi imeruka hesabu hiyo. Mwanaakiolojia Howard Carter alipolifikia kaburi la Tutankhamun mwezi Novemba 1922, Ulaya na Marekani zilishikwa na homa ya Misri. Masonara wa Cartier walifikia hatua ya kuchukua vipande halisi vya kale vya fayansi, kauri yenye ngozi ya kioo, na kuvizungushia dhahabu na almasi. Mwaka 1963 Elizabeth Taylor alivaa vidani vya namna hii katika filamu ya Cleopatra. Mbunifu John Galliano akavirudisha jukwaani kwa nyumba ya mitindo ya Dior mwaka 2004, na Desemba 2018 Chanel walifanya onyesho lao pembeni mwa hekalu la kale la Misri la Dendur, ndani ya Metropolitan Museum ya New York. Vingi vya kuigiza vinavyouzwa leo ni bamba la chuma lililopindwa, au shanga zilizopitishwa kwenye waya. Bamba hukaa juu ya mfupa wa mtulinga na kuuchoma. Waya ukipinda mara moja haunyooki tena. Kitambaa cha shanga kilichofumwa vizuri huufuata mwili.

Waliozoea ushanga wa Kimaasai watauliza tofauti iko wapi. Iko kwenye mifupa. Kola bapa ya Kimaasai hushikwa na waya na vipande vya ngozi vinavyotenganisha duara, ndiyo maana hucheza juu na chini mvaaji akiruka. Weseki hauna kitu kigumu ndani yake isipokuwa vipande viwili vya mwisho, nyuma ya mabega.

Vipimo

Zungusha uzi kwenye shina la shingo, pale inapokutana na mabega, kisha uupime kwenye rula. Hapa tunatumia sm 42. Toa sm 6, ambazo ni nafasi ya kufungia nyuma. Zinabaki sm 36, na huo ndio urefu wa mstari wa juu kabisa.

Kwenye mstari wa juu mirija imeachana mm 2.5, kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya unaofuata. Umbali huo tuuite mwachano. Sm 36 ukizigawa kwa mm 2.5 unapata nafasi 144, yaani mirija 145: mmoja wa katikati, na 72 kila upande. Idadi ya nafasi lazima igawanyike kwa 4, ili pande mbili zifanane na shanga za kupishana zisiishie njiani. Shingo ya sm 45 itakupa nafasi 156, nayo inagawanyika. Ukipata 150, shuka hadi 148 au panda hadi 152.

Idadi ya mirija haibadiliki kutoka safu ya kwanza hadi ya nne. Kinachokua ni mwachano, na unakua kwa sababu shanga za kati, zile za mistari zinazokaa kati ya mrija na mrija, zinakua. Safu nne za mirija zina mistari mitano ya shanga:

Mstari wa 1: shanga za mm 2 tupu, mwachano mm 2.5, urefu sm 36
Mstari wa 2: mm 2 na mm 3 kwa kupishana, mwachano wa wastani mm 3, urefu sm 43.2
Mstari wa 3: mm 3 tupu, mwachano mm 3.5, urefu sm 50.4
Mstari wa 4: mm 3 na mm 4 kwa kupishana, mwachano wa wastani mm 4, urefu sm 57.6
Mstari wa 5: mm 4 tupu, mwachano mm 4.5, urefu sm 64.8

Kila mstari umeongezeka sm 7.2. Namba hiyo inatoka kwenye duara lenyewe. Duara kamili likipanuka kwa sm 1 kutoka kitovuni, mzingo wake huongezeka sm 6.28. Kidani chetu kinachukua sehemu sita kati ya saba za duara, kwa hiyo kila sm 1 ya kina inadai sm 5.4 hivi. Mrija wa mm 10 pamoja na shanga zake unachukua kina cha karibu sm 1.3, na ukizidisha unaikaribia ile 7.2. Ukitaka kutumia mirija ya mm 15 kwa shanga hizihizi, mistari ya chini itakuwa mifupi mno na kidani kitajikunja kama bakuli.

Vifaa

Mirija ya kioo yenye urefu wa mm 10: 290 yenye unene wa mm 2 kwa safu mbili za juu, na 290 yenye unene wa mm 3 kwa safu mbili za chini. Ukiweka ya mm 2 kote, safu za chini zitaonyesha nguo kati ya mrija na mrija. Nunua ziada ya mmoja katika kumi, kwa sababu pakiti za mirija huja na iliyovunjika au iliyokatwa mshazari.

Shanga za mviringo: 356 za mm 2, 288 za mm 3, na 216 za mm 4. Hapa wengi hukosea dukani. Shanga ndogo zinazouzwa kwa namba (namba 11, namba 8, namba 6, ambapo namba ikiwa kubwa shanga ni ndogo) kwa kawaida ni fupi upande wa tundu kuliko zilivyo pana. Ukiziona zina mm 3 kwa juu, kwenye uzi zinaweza kuchukua mm 2 tu, na mistari yote itapungua. Panga shanga 10 kwenye sindano na uzipime: za mm 2 zijaze sm 2, za mm 3 zijaze sm 3.

Matone 70 yenye tundu linalopita kwa upana kwenye ncha ya juu, upana wa mm 6 au 7, urefu wa mm 12 hadi 15.

Uzi uliosukwa wa kuvulia, unene wa mm 0.15 hadi 0.2, mita 35. Usitumie mshipi wa nailoni wa uzi mmoja, ule mng'avu: unavutika kwa joto la mwili, unakumbuka mkunjo wa gurudumu lake, na baada ya muda unakuwa mkavu na kukatika. Uzi wa cherehani nao hautoshi. Mafundi wa Misri walitumia kitani, na kitani kilioza. Kwenye kaburi la Tutankhamun, Carter na wenzake walilazimika kumwaga nta iliyoyeyushwa juu ya kazi za shanga ili zisisambaratike kabla ya kunyanyuliwa.

Sindano nyembamba za shanga, namba 12, angalau nne kwa sababu zitapinda. Msasa laini. Gundi ya maji inayobaki laini ikikauka. Ngozi ngumu ya mm 3, au bamba la shaba la mm 0.8 kama una msumeno wa sonara.

Wakati wa fayansi mafundi walijifinyangia shanga wenyewe: mchanga wa kwatzi uliosagwa, chokaa kidogo, magadi ya bonde la Wadi el-Natrun au majivu ya mimea, na shaba ya kutoa rangi. Ikichomwa, chumvi iliyopanda juu wakati wa kukauka huyeyuka na kuwa ngozi ya kioo ya buluu-kijani. Kwa kidani cha kwanza nunua za kioo. Anayetaka wepesi anaweza kutengeneza mirija ya safu mbili za chini kwa karatasi, kama shanga zinazotoka Uganda, ila ukanda uwe mstatili wa upana wa mm 10 na si pembetatu. Pembetatu hutoa shanga yenye tumbo, na shanga yenye tumbo haisimami kwenye safu.

Rangi

Palette ya Kimisri ni finyu na haibahatishi: feruzi au fayansi ya buluu-kijani, buluu nzito ya lapisi lazuli iliyosafirishwa kutoka Badakhshan, Afghanistan, wekundu wa akiki kutoka jangwa la mashariki, na dhahabu. Feruzi ilichimbwa Sinai, hasa Serabit el-Khadim. Kijani kilikuwa rangi ya mmea unaochipua, na dhahabu ilihesabiwa kuwa mwili wa miungu, ndiyo maana kidani hiki kilihitajika hata kaburini: fungu la 158 la Kitabu cha Wafu, mkusanyo wa maneno ya Wamisri ya kumsaidia marehemu, linahusu weseki wa dhahabu wa kuwekwa shingoni mwa marehemu.

Mpango unaofanya kazi ni huu: safu ya 1 feruzi, ya 2 akiki, ya 3 buluu nzito, ya 4 feruzi tena, matone ya akiki au dhahabu, na shanga zote za kati rangi ya dhahabu. Ukiogopa kelele, fuata kidani cha Wah, msimamizi wa mali aliyezikwa Thebes takriban miaka 4,000 iliyopita. Kaburi lake lilifukuliwa mwaka 1920 na kidani kiko Metropolitan Museum. Ni buluu-kijani peke yake, na kati ya vyote vilivyobaki hakuna kinachovalika leo kuliko hicho. Nyeusi na dhahabu pekee ni Misri ya Hollywood.

Sampuli kwanza

Usianze mirija 580 kabla ya kufuma mirija 13 kwa kila safu, safu zote nne. Sampuli hiyo ina nafasi 12, kwa hiyo mstari wa juu upime sm 3 na wa chini sm 5.4. Ilaze mezani. Ikilala bapa, endelea. Ukingo wa chini ukiinuka mawimbi kama kaki iliyokaangwa, mstari huo ni mrefu: badilisha shanga chache za mm 4 ziwe za mm 3. Ikijikunja kingo zikatazama juu, mstari wa chini ni mfupi, au umekaza uzi kupita kiasi. Ukilazimika kuchagua kasoro, chagua kupungua kidogo. Mabega yanateremka, na kidani kilichopungua kidogo hushika mteremko huo. Kilichozidi hakina pa kuuficha urefu wake.

Kufuma

Kabla ya yote, pitisha vidole kwenye midomo ya mirija. Mirija ya kioo ikikatwa huacha ukali wa wembe, na ukali huo ndio unaoua vidani vingi miezi mitatu baada ya kuvaliwa. Sugua kila mdomo mara mbili tatu kwenye msasa uliolowa, uoshe vumbi, ukaushe. Inachosha. Bado ni nafuu kuliko kuokota shanga ukumbini.

Kazi inaanzia katikati ya kifua na kwenda pembeni, ili nyuzi zisiwe ndefu za kujifunga na ili pande mbili zilingane. Kata nyuzi mbili za mita 3. Tia sindano kwenye ncha zote nne. Pitisha nyuzi zote mbili kwenye mrija wa katikati, ukiuacha katikati ya urefu wao. Sasa juu ya mrija kunatoka nyuzi mbili na chini mbili: wa kwanza unaenda kulia kwa ncha zake zote mbili, wa pili kushoto.

Fanya upande wa kulia. Sindano ya juu ichukue shanga moja ya mm 2. Sindano ya chini ichukue shanga ya mstari wa 2. Anza na ya mm 2, inayofuata itakuwa ya mm 3. Chukua mrija mpya. Sindano ya juu iushukie kutoka juu, sindano ya chini iupandie kutoka chini, zikipishana ndani yake. Vuta ncha zote kwa pamoja mpaka mrija usimame kando ya mwenzake. Sindano iliyokuwa juu sasa iko chini, na ya chini iko juu. Rudia hadi mirija 72. Sindano isipenye katikati ya uzi wa mwenzake ndani ya mrija, maana ukichoma uzi hutaweza kukaza. Ingiza sindano moja, ivute hadi mwisho, ndipo uingize ya pili.

Mkazo uwe wa kutosha kuficha uzi, basi. Baada ya kila mirija 10 pima: mirija 10 na nafasi zake iwe karibu sm 2.5 kwa juu na sm 3 kwa chini. Namba zikianza kusogea, mkono wako umechoka. Acha uendelee kesho.

Ukimaliza kulia, fanya kushoto vilevile. Acha mikia ya sm 30. Usifunge fundo lolote.

Safu ya 2 huanza tena na nyuzi mbili mpya na mrija mmoja wa katikati, chini ya mrija wa katikati wa safu ya 1. Tofauti ni moja: sindano ya juu haichukui shanga mpya. Inapita ndani ya shanga ya mstari wa 2 iliyokwishawekwa. Sindano ya chini ndiyo inayoongeza shanga za mstari wa 3, zote mm 3. Kwa hiyo safu zinashikana zenyewe, na hakuna uzi wa kuziunganisha unaoonekana. Safu ya 3 na ya 4 vivyo hivyo. Kosa la kawaida hapa ni kuruka shanga moja ya juu bila kuona. Utaligundua mirija ikianza kuinama upande mmoja kama uzio wa zamani. Fumua hadi pale. Halirekebishiki kwa kuvuta.

Matone yanaingia mwisho, kwenye mstari wa 5. Kata uzi wa mita 2.5, upitishe kwenye shanga mbili zinazopakana na mrija wa katikati, moja kila upande. Kuanzia hapo, kila upande: chukua shanga ya mm 2, tone, shanga ya mm 2, ruka shanga moja ya mstari, ingia inayofuata. Utapata matone 35 kulia na 35 kushoto, bila tone katikati. Ukikazia uzi hapa, matone yatasimama mbele kama meno badala ya kuning'inia. Acha kitanzi kilegee kiasi cha unene wa kucha.

Vipande vya mwisho na uzito wa nyuma

Vidani vya kifahari viliishia kwa vichwa vya kozi, ndege wa mungu Horus. Ndivyo kilivyo kile cha kwenye barakoa ya Tutankhamun. Vingine vingi viliishia kwa nusu duara, nayo ni rahisi. Kata nusu duara nne za ngozi, mbili kwa kila ncha ya kidani, upande ulionyooka uwe sm 6. Kwenye upande huo toboa matundu matano yaliyoachana mm 13 hadi 14, mm 4 kutoka ukingoni, na tundu moja kubwa kwenye tumbo la duara. Toboa kwa kulinganisha na kazi yako, maana mistari ikiwa imeachana mm 13 na matundu mm 15, safu zitavutwa na kupanuka kama feni iliyovunjika.

Mkia wa juu wa safu ya 1 unaingia tundu la kwanza, wa chini unaingia la pili pamoja na wa juu wa safu ya 2, na kuendelea. Tundu la tano linapokea mkia wa safu ya 4 na uzi wa matone. Funga mikia ya tundu moja kwa mafundo mawili nyuma ya ngozi, ule wa tundu la kwanza ukiuleta hadi la pili. Kisha rudisha kila mkia ndani ya mirija mitatu kabla ya kuukata, maana uzi uliosukwa unateleza na fundo peke yake litafunguka. Tone la gundi, halafu bandika nusu duara ya pili juu kufunika mafundo.

Kidani cha kioo cha ukubwa huu kina gramu 120 hadi 150, na uzito mwingi uko mbele. Bila kitu nyuma kitateleza kifuani na kamba itakata shingo. Wamisri waliliona hilo. Nyuma waliningʼiniza kipande kirefu kilichoitwa manketi, kikishuka kati ya mabega. Tengeneza ufito wa mirija upana wa sm 2, urefu wa sm 12, wenye shanga nzito chini, kisha uuning'inize pale kamba mbili zinapokutana. Anza na gramu 40 na uongeze mpaka mstari wa juu ukae shingoni mvaaji akiinama kidogo.

Kukivaa na kukitunza

Shingo ya gauni iwe wazi kuliko kidani, au iwe ya juu kabisa na rangi moja. Kitenge chenye maua makubwa kitakimeza. Ukikitaka kiwe sehemu ya gauni, kishone mstari wa 1 na wa 5 tu juu ya kitambaa kinene kilichokatwa kwa umbo lake. Ukishona kila safu kitapoteza ule mwendo wa shanga kupumua na mwili. Herini ndogo, mkono mmoja wenye bangili, yatosha.

Usikikunje wala kukitundika. Kitundike wiki moja na nyuzi za safu ya juu zitakuwa zimebeba kila kitu, mianya itatokea. Kilaze bapa kwenye boksi. Manukato yapakwe kabla, yakauke, ndipo kidani kivaliwe. Shanga zilizopakwa dhahabu kwa juu huchubuka haraka kwa kileo na jasho. Kila baada ya kuvaliwa mara kumi, kiinamishe mbele ya taa na uangalie safu mbili za juu: uzi unaoonyesha manyoya mdomoni mwa mrija utakatika siku si nyingi. Pitisha uzi mpya sambamba na ule wa zamani, mirija 20 kila upande wa jeraha, kabla haujakatika.